Shemeji Hakataliwi

Rafiki unaweza kumzimia simu. Bosi unaweza kumwambia una msiba kijijini. Jirani unaweza kujifanya umelala. Shemeji hakataliwi. Hasa shemeji ambaye kwao ni kitinda mimba, aliyelelewa mgongoni na mke wangu, na ambaye kila akija nyumbani paja la kuku huhamia sahani yake bila mjadala. Huyo akisema twende, kinachobaki ni kuuliza saa ngapi.

Safari hii alisema twende Lushoto. Nikafurahi. Lushoto ni mahali pa watu wenye akili zao: kuna baridi, kuna mboga za kila aina, kuna usingizi usiohitaji feni. Nikaanza kuwaza kiti cha dirishani na korosho za njiani. Ndipo akamalizia: "Kwa baiskeli, Shem. Na hema tunabeba."

Ugonjwa huu najua ulikotoka. Ulitoka Kigali. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika pale, mara ya kwanza kuletwa Afrika, na Shemeji aliyatazama yote sebuleni kwangu, kwa umeme wangu. Siku ya mwisho wanaume walikimbia kilomita 267 na zaidi kwenye vilima vya mji ule, akashinda Tadej Pogačar wa Slovenia. Mimi nilichokiona ni kingine. Walioanza walizidi 150. Waliofika mwisho ni 30. Na wote hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo hiyo, wana daktari, wana gari la baiskeli za akiba, wana mtu wa kuwapokeza maji njiani. Shemeji alimwona Pogačar. Mimi niliwaona wale mia na ushei waliokunja virago. Kila mtu huwaona wa kwao.

Basi nikapewa baiskeli yake ya zamani. Ya zamani maana yake ameinunua mwaka juzi. Nikaizunguka, nikaangalia nyuma, nikauliza keria iko wapi. Shemeji akanitazama kwa huruma. Siku hizi, akasema, keria ni uzito. Badala yake kuna mfuko unaofungwa kwenye usukani, mfuko unaoingia katikati ya fremu, na mfuko mrefu unaoning'inia chini ya tandiko na kukupapasa makalio kila ukipita kwenye shimo. Kila mfuko una vijimkanda vyake, na kila kijimkanda kina kifungo chake cha plastiki. Kazi ambayo baba zetu waliimaliza kwa keria moja na ukanda wa mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu, sasa inahitaji mifuko mitatu na video ya mafunzo.

Na uzito jamani! Shemeji ana mzani wa jikoni, na kila kinachoingia mfukoni hupimwa kwanza. Shati langu la pili lilikataliwa. Kandambili zilikataliwa. Kanga, ambayo mtu yeyote aliyelelewa vizuri anajua ni shuka, taulo, mto na mwavuli, ilijadiliwa dakika kumi ndipo ikapita. Yeye mwenyewe alikata mpini wa mswaki wake kwa kisu ili upungue, ukabaki kipande kinachomlazimu kuingiza vidole mdomoni. Nikasema sawa, huyu anajua anachofanya. Kisha akachomoa mashine ya chuma ya kusagia kahawa kwa mkono, akaipachika kwenye mfuko wangu. Tunaipandisha mashine ya kahawa kwenye milima inayolima kahawa. Mpini wa mswaki umebaki Dar es Salaam.

Saa 1 asubuhi tulikuwa Mombo, pale barabara ya Lushoto inapoiacha barabara kuu. Mombo haifiki mita 500 juu ya usawa wa bahari; Lushoto iko karibu na mita 1,400. Katikati kuna kilomita 33 hivi za lami nyembamba iliyobanwa, upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo. Shemeji akatoa simu, akapiga hesabu, akatangaza kwa furaha: "Wastani wa mwinuko ni asilimia 3 tu, Shem!" Ndugu msomaji, mtu akikutajia wastani, jua kuna kitu anakuficha. Ule mlima haukusoma wastani. Sehemu kubwa ya kupanda umeirundika kabla ya Soni, kisha baada ya hapo unakupa viteremko vya kukupumbaza ili hesabu itoke vizuri kwenye simu ya Shemeji.

Na si kwamba watu hawakutuonya. Wajerumani, ambao hawakuwa na simile kwa jambo lolote, walileta reli kutoka Tanga ikafika Mombo mwaka 1905. Wakautazama mlima. Wakaamua kupita kando kando yake, bondeni, hadi Moshi. Magogo ya mierezi ya kule Shume waliyafungia waya maalumu wa kuyateremsha hadi Mkumbara, chini kwenye reli. Yaani hata gogo lilionekana lisisumbuliwe kwa barabara. Kabla yao, Wasambaa wanasimulia, alikuja Mbegha, mwindaji kutoka Nguu, akapanda milima hii kwa miguu akifukuza nguruwe pori. Lakini Mbegha alipofika juu aligawa nyama, akaua simba, akapewa ufalme Vuga. Mimi nilipofika juu nilipewa bili.

Tukaanza. Tatizo la kwanza la kupanda mlima kwa baiskeli katika nchi yenye adabu ni salamu. Hili halikutajwa kwenye video yoyote ya Shemeji. Nilikuwa nimeweka gia nyepesi kuliko zote, ile ambayo miguu inazunguka kuliko tairi, na mwendo wangu ulikuwa wa mtu anayetafuta sindano iliyodondoka. Watoto wa shule wakanikuta. Hawakunipita, wangekuwa hawana malezi. Wakatembea sambamba nami, na wa kwanza akasema: "Shikamoo!" Nikatafuta pumzi, nikapata: "Marahaba." Wa pili: "Shikamoo!" Marahaba. Wa tatu. Wa nne. Wasambaa hawasalimii kwa jumla, kila mtoto anatoa yake na anasubiri yake. Hadi nafika kwa wa mwisho, marahaba yangu ilikuwa imebaki herufi mbili.

Huyo wa mwisho, kadogo, begi la shule limemzidi, akanichunguza kwa makini, akauliza: "Babu, nikusukume?"

Babu! Nilitaka kukataa kwa heshima ya umri wangu halisi, lakini kukataa nako kunahitaji pumzi. Akasukuma hadi kwenye kona. Alipoachia nikasimama.

Sasa tumfikie Shemeji mwenyewe. Ana tabia moja ambayo naamini iko kwa wapanda baiskeli wote wembamba. Anatangulia. Anafika kwenye kona yenye kivuli, analaza baiskeli, anakunywa maji, anapiga picha ya bonde, anajibu ujumbe wa kazini, anakaa juu ya jiwe. Anakusubiri kwa upendo wote. Wewe unakuja, jasho limeingia machoni, moyo unagonga masikioni, na unaliona lile jiwe kwa mbali, unasema nafsini, nikifika pale nami nikae. Unafika. Shemeji anasimama, anajipangusa suruali: "Umefika, Shem? Haya, twende."

Hapumziki kwa saa yake, anapumzika kwa tabu yangu. Kadiri ninavyochoka ndivyo naye anavyopata muda mrefu wa kupumzika, na kadiri anavyopumzika ndivyo anavyozidi kunikimbia. Huu ni mfumo, na mwenye kuuendesha ni mimi. Nilipomweleza, alisema nijitahidi kupumua kwa tumbo.

Nikashuka nisukume. Mimi nimekulia nyumba yenye Phoenix, baiskeli nyeusi ya gia moja, na nilimwona baba akibeba gunia la mahindi kwenye keria na mama mbele kwenye bomba. Wakifika kwenye kilima, baba anashuka, mama anashuka, wanasukuma huku wanaongea habari za ndugu. Hakuna aliyeona haya. Mlima ulikuwa mahali pa maongezi. Lakini kwa Shemeji kusukuma ni aibu ya ukoo. "Ukisukuma hujapanda, Shem!" alipiga kelele kutoka kwenye jiwe lake. Nikamwambia hata huko Ufaransa, kwenye Tour de France yenyewe, gia za kubadilisha zilikatazwa hadi mwaka 1937, na wanaume walikuwa wakishuka kwenye baiskeli milimani wakakanyaga ardhi kwa miguu yao miwili. Akasema hilo hakulijua. Akasema pia kwamba baiskeli yangu ina gia, kwa hiyo nipande.

Hapo kwenye ubishi ndipo tulipokutana na mzee mmoja anashuka. Anatembea kando ya baiskeli, ameibana breki kwa mikono miwili, nyuma kuna magunia mawili ya kabichi yaliyomzidi kimo, na ameweka kijiti kinachozuia mzigo usiegemee upande. Anapeleka sokoni. Nikamwamkia.

"Marahaba. Gari limewaharibikia?"

"Hapana mzee. Tumetoka Mombo kwa baiskeli."

Akaitazama mifuko. "Mnauza nini?"

"Hatuuzi kitu, mzee."

"Basi mmetumwa. Mnalipwa."

"Hatulipwi."

Akanyamaza. Akamtazama Shemeji na miwani yake ya rangi ya upinde wa mvua, akanitazama mimi na kaptula yenye mto wa sifongo matakoni, iliyofanya nionekane nimeficha kitu. Kisha akashusha sauti, kwa wema kabisa, wa mtu ambaye hatasema popote: "Ni deni?"

Shemeji akaanza kumweleza habari za afya, mazingira na kutuliza mawazo. Mzee akasikiliza yote huku amebana breki. Alipomaliza akasema, "Poleni sana," akaendelea kushuka na kabichi zake. Na mimi nilibaki nikimtetea moyoni. Yule mtu ana mlima, ana baiskeli, ana mzigo, na jioni ana hela. Sisi tuna mlima, baiskeli na mzigo, na jioni tuna picha. Hii starehe ina kazi kuliko kazi.

Chakula nacho ni kesi. Shemeji amebeba jeli za nguvu, vipakiti vya kukamua mdomoni, na bei ya kimoja inanunua chane ya ndizi na chenji inarudi. Barabara ile ina kila kitu: ndizi, mahindi ya kuchoma, miwa, na matunda ya baridi yaliyopangwa kwenye vindoo. Wachuuzi wananyanyua vindoo ukingali mbali. Lakini Shemeji anasema kusimama kunavunja mdundo. Nikavunja mdundo. Nikala mahindi mawili nimekaa kwenye gogo, mama muuzaji akanipa na chumvi yenye pilipili, akaniuliza kama yule aliyetangulia ni mwanangu. Nikamwambia ni shemeji. "Aaa," akasema, na nikaona ameelewa kila kitu.

Karibu na Soni, haki ilitendeka. Tairi la Shemeji lilipata msumari.

Inabidi nieleze kwamba tairi lake halina tyubu. Aliyemuuzia alimhakikishia kwamba ndani kuna dawa inayoziba tundu lenyewe kwa lenyewe, na kwamba suala la pancha sasa alisahau. Msumari ulipochomoka, dawa ikatoka kweli: ikaruka nyeupe kama tui zito, ikamchora miwani, kifua, hadi mfuko wa hema. Tundu halikuziba. Kwa mara ya kwanza siku ile tulitembea pamoja, bega kwa bega, tunasukuma, na ningependa kutamka hapa kwamba tulipata maongezi mazuri sana.

Soni tukamkuta fundi chini ya mti. Karai la maji, boksi la bati, spoku zimening'inizwa, pampu ya miguu, na vijana watatu ambao kazi yao ni kushauri. Fundi akafungua tairi, akaingiza mkono atoe tyubu. Hakuna. Akaingiza tena, akatazama ndani, akamtazama Shemeji: "Bosi, wamekuibia tyubu." Washauri wakaguna. Shemeji akaanza mhadhara wake wa teknolojia, fundi akausikiliza huku anafuta ute kwenye rimu kwa kitambaa, mpaka pale aliposikia bei ya tairi moja. Hapo akasimamisha kazi, akawaita mafundi wa upande wa pili wa barabara nao waje wasikie.

Dawa ya kisasa ikashindwa, tiba ya kale ikaanza. John Boyd Dunlop alisajili tairi lake la upepo mwaka 1888, na kanuni haijabadilika: hewa ikae ndani ya mpira. Fundi hakuwa na tyubu mpya ya saizi ile, akapata kuukuu. Akaijaza upepo, akaizamisha karaini, akaizungusha polepole huku anatazama, mpaka mapovu yakatoka sehemu mbili. Akatia alama kwa njiti. Akakausha, akakwangua kwa msasa, akapaka solusheni, akaipuliza. Watu wasio na subira hubandika kiraka solusheni ikiwa mbichi. Yeye aliiacha, akawasha redio, akasalimiana na mpita njia, akarudi, akaigusa kwa kidole, ndipo akabandika na kugonga kwa mpini wa spana. Elfu tatu, na tyubu humo humo. Tairi lile likafika Lushoto na baadaye likarudi Dar es Salaam. Sijamsikia Shemeji akilitaja kwa marafiki zake.

Saa 10 jioni tukaingia Lushoto. Mji ule Wajerumani waliuita Wilhelmsthal, wakaupenda kwa sababu ya baridi yake; walikuja kukimbia joto la pwani, kupumzika. Kupumzika! Gesti zimejaa, na zina maji ya moto ya ndoo. Nikaziona zote kwa majina yake. Lakini Shemeji hakuja kulala gesti. Alikuwa na hema, na mahali pa hema alikuwa amekwisha kupaweka alama kwenye ramani: Irente. "Kuna mandhari, Shem. Kilomita chache tu."

Tukaenda Irente. Barabara ni ya vumbi, na inapanda. Na kweli kuna mandhari, sitamnyima haki yake. Unasimama kwenye jabali, mlima unakatika ghafla miguuni, na chini kabisa nyika imetandazwa hadi macho yanachoka. Shemeji akafungua mikono. Mimi nikatazama chini. Nikaona mstari mwembamba. Juu ya mstari, vitu vidogo vinatembea.

"Ile ni nini?"

"Barabara kuu, Shem. Yale mabasi ya Arusha. Pale ni Mazinde, Mombo ni kule kushoto."

Nikanyamaza kitambo. Kutoka saa 1 asubuhi, kwa mapaja yote mawili, kwa marahaba zote zile, nilikuwa nimesafiri kutoka pale chini hadi hapa juu ya pale pale. Ningedondosha ile mashine ya kahawa ingefika barabarani kabla ya mimi kumaliza kujieleza. Na ninyi mnaosema nitoke kidogo nikaone nchi: nchi niliyoiona ni ile ile niliyoanzia, ila kwa juu.

Jua lilipozama, baridi ya Usambara ikashuka bila kubisha hodi. Hema la Shemeji ni la watu wawili, kwa mujibu wa mtengenezaji, ambaye nadhani alipima watu wawili waliogombana na kukonda. Nikaingiza kichwa, nikakitoa. Nikamwambia Shemeji kwamba namheshimu, namheshimu dada yake, nawaheshimu wakwe zangu wote walio hai na waliotangulia, lakini mimi nateremka gesti. Nikateremka. Ndiyo ilikuwa sehemu tamu ya safari nzima, na sikukanyaga pedeli hata mara moja. Nikaoga maji ya ndoo. Nikala wali, maharage na mboga ya majani mpaka mhudumu akaleta sufuria lenyewe. Saa 4 usiku Shemeji akabisha hodi, meno yanagongana, amejifunga kanga yangu kichwani. Ile iliyojadiliwa dakika kumi.

Nikampigia mke wangu kumwambia tumefika. Hakuuliza mguu. Hakuuliza mgongo.

"Mdogo wangu amekula?"

Nikamwambia anakula sasa hivi, sahani yangu.

"Haya. Amesema mwezi ujao mnapanda Uluguru. Usimkatishe tamaa."

Nimekubali, maana mnajua sheria. Ila nimeweka masharti. La kwanza, baiskeli yangu itafungwa keria, na mzani wa jikoni utabaki jikoni. La pili, kwenye kila kona nitakapofika, anayenisubiri atakaa hapo hapo alipokaa hadi nimalize kuhema, hata kama ni adhuhuri hadi alasiri. La tatu ndilo zito, na Shemeji ameomba muda alifikirie: safari hii na dada yake anakuja. Nimekwisha kumtafutia baiskeli. Tukifika katikati ya mlima, tutaona ni nani atakayemwambia dada yake kwamba ukisukuma hujapanda.